Je, wajua kwa nini triathloni ndefu, yaani mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, huamuliwa na tumbo kuliko miguu?

Oktoba 1995, mjini Kailua-Kona, Hawaii. Paula Newby-Fraser, mzaliwa wa Harare enzi ikiitwa Salisbury, aliyekulia Afrika Kusini, ameshashinda triathloni ya Ironman hapa mara saba. Leo anaongoza tena. Amebakiza mita mia chache tu, watu wamejipanga pande zote mbili za barabara wakishangilia, na ghafla anaanza kuyumba kama mtu aliyepanda mashua kwa mara ya kwanza. Karen Smyers wa Marekani anampita. Paula anasimama, anakaa chini, kisha analala kabisa juu ya lami.

Miguu hiyohiyo ilikuwa imembeba kwa zaidi ya saa tisa. Kilichomwangusha alikieleza mwenyewe baadaye: kwa hofu ya kupitwa, alivuka vituo vya maji na chakula bila kuchukua kitu. Sekunde chache aliziokoa hapa, chache pale. Deni likaja kudaiwa mlangoni.

Sasa ikiwa bingwa wa mara saba anaweza kuangushwa na kikombe alichokiacha mezani, mwanariadha wa ridhaa afanyeje? Namzungumzia mwalimu, muuguzi au mhasibu anayeamka saa kumi alfajiri kufanya mazoezi kabla ya kwenda kazini. Mashindano ni yaleyale: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima ya kilomita 42.2, yote siku moja bila kulala katikati. Wanaume wa kulipwa walio bora humaliza chini ya saa 8. Wa ridhaa wengi wanachukua saa 11 hadi 16, na kwa kawaida ukivuka saa 17 huhesabiwi kuwa umemaliza. Yaani mwenye mwili usiozoea sana ndiye anayekaa juani karibu mara mbili ya muda wa bingwa.

Tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 akikimbia hutumia takriban kilokalori moja kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita. Marathoni peke yake basi inamgharimu karibu kilokalori 3,000. Ongeza saa sita au saba za baiskeli, ongeza saa moja na robo majini, na bili ya siku inaangukia kati ya 7,000 na 10,000. Siku ya kawaida ya ofisini huyuhuyu anatumia 2,000 na ushee.

Akiba anayo, tena kubwa. Hata mtu mwembamba hubeba kama kilo 10 za mafuta mwilini, na hizo ni zaidi ya kilokalori 80,000. Kwa karatasi tu, mafuta hayo yangetosha kumkimbiza kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Akiba ya pili ni ndogo: wanga unaohifadhiwa kwa umbo liitwalo glaikojeni, gramu 400 hivi kwenye misuli na kama gramu 100 kwenye ini. Jumla yake ni kilokalori 2,000 tu, haitoshi hata hiyo marathoni.

Tatizo ni kwamba akiba hizi mbili hazitumiki kwa namna moja. Mafuta ni kama shamba lako la Mkuranga, glaikojeni ni hela iliyo mfukoni. Uwe na ekari ishirini ukipenda, konda wa daladala anataka nauli sasa hivi na hati ya shamba hapokei. Mafuta huyeyushwa na kuunguzwa taratibu: mtu wa kawaida huunguza kama nusu gramu kwa dakika, na aliyefanya mazoezi ya miaka huweza kukaribia gramu moja. Nusu gramu kwa dakika ni kilokalori 270 hivi kwa saa. Kukimbia kilomita 10 kwa saa kunadai 700. Pengo lililobaki linajazwa na glaikojeni, na kadiri unavyoongeza kasi ndivyo fungu la glaikojeni linavyozidi kukua.

Hapo ndipo ilipo siri ya ile kilomita ya 30 ambayo wakimbiaji wa marathoni huisimulia kama mahali penye shetani. Zidisha 30 kwa 70, unapata 2,100. Kwa makadirio ya haraka, hapo ndipo hela ya mfukoni inapokwisha kwa mtu ambaye hakula kitu njiani na alitoka kwa pupa. Mwenye triathloni anafika mwanzo wa marathoni akiwa tayari ametumika saa saba au nane. Kama alikuwa hali kitu, glaikojeni yake ilimwishia zamani, akiwa bado juu ya baiskeli.

Basi ale! Ndiyo, lakini tumbo nalo lina mlango wake, na mlango ni mwembamba. Glukosi huvuka ukuta wa utumbo kwa kubebwa na vibebeo maalumu, na vibebeo hivyo vikijaa, hakuna cha kuongeza: kiwango chake ni kama gramu 60 kwa saa. Unachozidisha kinabaki tumboni kikichanganyika na maji, na matokeo yake ni kichefuchefu au safari ya haraka kwenye choo cha plastiki kando ya barabara. Mtafiti Mholanzi Asker Jeukendrup na wenzake walionyesha njia ya kukwepa foleni hiyo. Sukari ya matunda, fruktosi, hupita mlango mwingine. Ukichanganya zote mbili, mwili unaweza kupokea hadi gramu 90 kwa saa. Ndiyo maana pakiti za jeli za wanariadha huandikwa kwamba zina aina mbili za sukari, na bei inapanda kidogo. Nawakumbusha tu kwamba sukari yetu ya kawaida ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi.

Gramu 60 ni vijiko vya chai 15 vya sukari. Kila saa. Bibi yangu angeona mtu mzima anafanya hivyo saa kumi mfululizo, angeita ndugu kikao.

Lakini ukirudi kwenye hesabu unaona kwa nini wanafanya. Saa kumi za kula gramu 60 ni kilokalori 2,400. Mafuta yanayoungua kwa saa 12 ni 3,200 na kitu. Glaikojeni uliyoamka nayo, 2,000. Jumla inapita 7,600 kidogo, na bili tulisema inaanzia 7,000. Hesabu inafunga, kwa shida, na kwa sharti moja kubwa: usiende kwa kasi ya kukuongezea bili. Makosa ya wageni wengi wa mchezo huu hufanyika saa mbili za mwanzo kwenye baiskeli, miguu ikiwa mibichi, kila anayekupita anakuudhi, kila kilima unakipanda kwa hasira. Hasira inalipwa kwa glaikojeni.

Mfuatano wa michezo yenyewe una maana yake hapa. Kuogelea kunatangulia kwa sababu ya usalama: mtu aliyechoka kabisa akikimbia ataanguka chini, majini atazama. Ila majini huwezi kula, kwa hiyo saa ya kwanza ni matumizi matupu. Baiskeli ndiyo jiko. Mwili umetulia kwenye kiti, tumbo halirukiruki, na mikono inafikia mfuko wa nyuma wa fulana. Kwenye kukimbia mambo yanabanana. Damu inagombewa na misuli inayofanya kazi na ngozi inayotaka kupoa, hasa jua la Kona likiwa linapiga kwenye miamba myeusi ya volkeno, na utumbo unaachiwa kidogo. Chakula kilekile ulichokifurahia kilomita ya 60 ya baiskeli, kilomita ya 20 ya marathoni kinakuwa kama matope mdomoni.

Jambo la kutia moyo ni kwamba utumbo unafundishika. Mtu akizoea kula wanga mwingi wakati wa mazoezi marefu kwa wiki kadhaa, tumbo lake hujifunza kupitisha zaidi na kulalamika kidogo. Wanariadha wa ridhaa wengi wanaacha hili. Watapanda baiskeli saa tano kila Jumamosi na chupa moja ya maji, halafu siku ya mashindano ndiyo wanakutana na jeli kumi na mbili kwa mara ya kwanza.

Ubongo nao una mkono wake. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, waliwapa waendesha baiskeli kinywaji chenye wanga wasukutue mdomo tu na kutema. Hakuna kilichomezwa, lakini kwenye jaribio la takriban saa moja walikwenda haraka zaidi kwa karibu asilimia 3. Ulimi ulionja, ubongo ukapata habari kwamba msaada uko njiani, ukalegeza breki. Kinyume chake pia ni kweli. Glaikojeni ya ini ikipungua na sukari ya damu ikashuka, dalili za kwanza mara nyingi ni za moyo kabla ya misuli: mtu anaanza kukasirikia kofia yake, anajiuliza nani alimtuma, anataka kulia bila sababu. Wazoefu wakiona hivyo hawajibizani na nafsi. Wanakula.

Maji ni hadithi nyingine, na hapa ushauri wa mtaani wa kunywa kadiri uwezavyo umewahi kuumiza watu. Mwaka 1985 mtafiti Tim Noakes wa Cape Town na wenzake walichapisha taarifa ya wanariadha wa mbio ndefu waliougua kwa kunywa kupita kiasi. Maji yanapozidi, sodiamu kwenye damu inazimuliwa, seli za ubongo zinavimba, na mtu anachanganyikiwa au kupata degedege. Walio hatarini zaidi ni watu wa nyuma. Bingwa hana nafasi ya kunywa vikombe viwili kila kituo, wakati anayetembea kwenye saa ya 14 ana muda wote duniani. Kunywa ukisikia kiu, na uweke chumvi kidogo, kunatosha kwa wengi.

Na ukidhani haya yote yalijulikana tangu mwanzo, soma habari za siku ya kwanza kabisa ya Ironman, Februari 18, 1978, kisiwani Oahu, Hawaii. Wazo lilitoka kwa John na Judy Collins, mtu na mkewe, baada ya ubishi wa watu wa michezo kuhusu nani ana pumzi zaidi: mwogeleaji, mkimbiaji au mwendesha baiskeli. Wakaunganisha mashindano matatu yaliyokuwepo kisiwani: kuogelea kwa Waikiki, mzunguko wa baiskeli na marathoni ya Honolulu. Ndiyo maana umbali una tarakimu za ajabuajabu. Walianza 15, wakamaliza 12. Kila mmoja alijitafutia watu wa kumbebea chakula. John Dunbar alikuwa na nafasi nzuri ya kushinda, lakini wasaidizi wake waliishiwa maji katikati ya marathoni wakampa walichobaki nacho: bia. Gordon Haller alishinda kwa saa 11 na dakika 46, Dunbar akafika wa pili, zaidi ya nusu saa nyuma yake.

Kwa msomaji wa huku, mlango wa karibu wa kuingia Ironman ulifunguka Agosti 2022, pale Rubavu, Rwanda, ufukweni mwa Ziwa Kivu, jirani kabisa na Goma. Huo ni umbali wa nusu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Usidhani nusu inakuepusha na hesabu. Bili yake inapita glaikojeni yako yote, na ziwa liko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayetoka Mombasa au Tanga atahema kabla hajaiona baiskeli.

Vya kula havihitaji kutoka ng'ambo. Ndizi mbivu ya wastani ina karibu gramu 27 za wanga, mbili zinakaribia gramu 60 zako za saa nzima. Tende zina glukosi na fruktosi kwa kiasi kinachokaribiana, yaani milango yote miwili, na hazimwagiki mfukoni. Asali vivyo hivyo, ukipata chombo kisichovuja (mimi sijakipata).

Ila andaa pia kitu kisicho kitamu. Mashindano mengi marefu hukuruhusu kuacha mfuko wako mwenyewe katikati ya njia ya baiskeli, na mgeni huujaza jeli zilezile alizozibeba mgongoni. Baada ya saa nne za sukari, ulimi unagoma, meno yanateleza, na harufu ya jeli tu inatosha kukugeuza tumbo. Kiazi cha kuchemsha kilichopakwa chumvi, kimefungwa kwenye karatasi ya foili, wakati huo ni pilau.