Picha Iliyopauka Upande Mmoja Tu

Picha nyingi za rangi ninazoletewa hapa Moshi nizirekebishe kwa kompyuta, hasa za harusi na kipaimara za miaka ya 1980, hazikupauka sawasawa. Upande uliokuwa ukipigwa na jua la dirishani umegeuka mwekundu au kijani, ilhali ukingo uliofunikwa na fremu bado una rangi zake. Ukivuta kitelezi cha mwangaza kwa picha nzima, upande mbovu utapata nafuu kidogo na upande mzima utaharibika.

Chanzo chake ni karatasi yenyewe. Picha ya rangi ya kawaida ina tabaka tatu za rangi, yaani sayani (buluu-kijani), majenta (waridi iliyokolea) na njano, na kila moja hupauka kwa kasi yake. Katika programu ya kuhariri, picha hugawanywa katika chaneli tatu za rangi, nyekundu, kijani na buluu: upungufu wa sayani huonekana kwenye chaneli nyekundu, wa majenta kwenye kijani na wa njano kwenye buluu; kwa hiyo nikizifungua chaneli moja moja, mara nyingi nakuta moja imedhoofika hadi katikati ya picha na nyingine karibu haijaguswa. Tena kinachopotea ni uzito wa rangi, ndiyo maana suti nyeusi ya bwana harusi huumia zaidi kuliko gauni jeupe.

Naskani kwa biti 16 kwa kila chaneli, zinazobeba ngazi nyingi za rangi kuliko biti 8, na kuhifadhi faili la TIFF, kwa sababu faili la biti 8 likinyooshwa sana huacha michirizi angani. Kisha natafuta kitu kinachovuka kutoka upande mzima hadi mbovu na ambacho kilipaswa kuwa na rangi moja, kwa mfano pazia au safu ya wanakwaya waliovaa majoho yanayofanana, na kukipima hatua kwa hatua. Ukuta peke yake siuamini, kwa kuwa huenda flashi ya mpiga picha ndiyo iliyoangaza upande mmoja zaidi. Theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ambayo wateja huipendekeza kama kipimo cha weupe, siitumii kabisa: imepigwa kwa mbali kupitia ukungu, na haikuwa nyeupe tangu siku ya kwanza.

Vipimo hivyo hunionyesha umbo la upaukaji. Tuseme joho linasoma 30 ukingoni na 85 karibu na dirisha, kwa kipimo cha 0 (giza kabisa) hadi 255 (nyeupe kabisa). Basi katika chaneli hiyo navuta kevu (mstari wa kubadilishia mwangaza) ili 85 ishuke hadi 30 bila kugusa sehemu nyeupe, halafu naiwekea barakoa, yaani kifuniko kinachoamua marekebisho yaonekane wapi, yenye mteremko wa kufifia taratibu unaofuata njia ya mwanga. Kila chaneli hupata kevu na barakoa yake. Programu ya Photoshop ina tabaka za marekebisho kwa kazi hii, zinazokaa juu ya picha bila kuibadilisha yenyewe. Katika programu ya GIMP nanakili tabaka la picha, nairekebisha nakala na kuiwekea barakoa. Brashi ya mkono naiacha hadi mwisho, maana jicho huzoea kosa haraka.

Rangi ya ngozi naikagua kwa kulinganisha na mtu aliyesimama upande mzima, wala sikubali kuwang'arisha watu eti wapendeze.

Pale fremu ilipoishia, upaukaji hukatika ghafla, hivyo mteremko mpana hauwezi kuuficha mstari huo. Hapo nakuza picha hadi pikseli zionekane, nakata barakoa kwenye mstari wenyewe na kuilainisha kwa pikseli chache tu.