Kusoma majibu ya kipimo cha APOE

APOE ni jeni yenye aina tatu kuu, e2, e3 na e4, na e4 huongeza hatari ya Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Ukikuta e4 kwenye majibu yako, usidhani umeshahukumiwa kuugua. Wako wenye nakala mbili za e4 waliozeeka na akili zao timamu, na wako wagonjwa wengi wasio na hata moja.

Jeni hii iko kwenye kromosomu ya 19. Maabara husoma herufi za DNA mahali pawili tu, panapoitwa rs429358 na rs7412, kwa mpangilio huo. T na C ni e3, iliyoenea kuliko zote. C na C ni e4. T na T ni e2, ambayo hupunguza hatari. Kila mtu ana nakala mbili, kwa hiyo kila mahali husomwa herufi mbili: CT kwenye rs429358 ikifuatiwa na CC kwenye rs7412 ni e3/e4. CT mahali pote pawili husomwa e2/e4. Wengi hukosea kwa kuangalia rs7412 peke yake, ilhali C ya hapo imo kwenye e3 na e4 vilevile.

Herufi hizo hubadili protini yenyewe. Kwenye nafasi ya 112 ya mnyororo wa protini, e3 ina asidi amino ya sisteini, e4 ina arginini. Protini hii hubeba mafuta ubongoni, na ile ya e4 ni hafifu katika kusaidia kuondoa beta-amiloidi, kipande cha protini kinachogandamana nje ya seli za neva. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja huongeza hatari takriban mara 3, mbili mara 8 hadi 12. Kwa wenye asili ya Afrika athari huwa ndogo zaidi, kwa hiyo takwimu hizo zisihamishwe kiholela.

Jambo tofauti kabisa ni jeni za PSEN1, PSEN2 na APP. Presenilini, protini ya PSEN1 na PSEN2, ni kiini cha kimeng'enya kinachokata protini ya APP, na beta-amiloidi hutoka humo. Ikiwa na kasoro, uwiano huelemea beta-amiloidi ya asidi amino 42, ile inayogandamana upesi. Mwenye kasoro ya namna hiyo kwenye PSEN1 karibu hakika ataugua, kwa kawaida kabla ya miaka 65, na kila mtoto wake ana uwezekano wa 50% wa kuirithi. Wenye kasoro za jeni hizi tatu ni chini ya 1% ya wagonjwa wote. Kama vizazi vinavyofuatana vimeugua mapema, APOE si kipimo cha kuanzia: muone mshauri wa jeni.

Siku hizi APOE hupimwa pia kabla ya kuanza lecanemab, dawa ya Alzheimer inayoondoa beta-amiloidi, kwa sababu wenye e4 mbili ndio wanaopata zaidi uvimbe na kuvuja damu ubongoni kutokana na dawa hiyo.