Mnara wa Kengele wa Brugge: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ndugu zetu wengi kutoka Lubumbashi, Bukavu na Bujumbura wanaishi Ubelgiji, na mgeni akiwatembelea, safari ya Brugge haikosi kutajwa. Kutoka Brussels ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni. Akifika Markt, uwanja wa soko wa zamani, mnara unamjaa machoni, na mengi atakayoambiwa kuuhusu hayako sawa. Watu hupanda, hupiga picha, hushuka, nao wamepita mbele ya mambo ambayo ndiyo yaliyoujenga mnara wenyewe.

“Huo ni mnara wa kanisa”

Kosa hili ndilo kubwa kuliko yote, na chanzo chake kinaeleweka: kwetu kengele ikining'inia juu ya mnara, ni ya kanisa au ya misheni. Mnara wa Brugge ulijengwa na mji. Ulianza kujengwa yapata mwaka 1240, mji ukiwa umetajirika kwa sufu iliyotoka Uingereza na vitambaa vilivyofumwa Flanders, eneo ambalo Brugge imo. Majengo yaliyoungana nao chini yalikuwa soko, ambamo bidhaa hizo zilihifadhiwa na kuuzwa.

Ndani ya mnara kuna chumba cha hazina. Humo ndimo zilimotunzwa hati ambazo watawala wa Flanders waliupa mji, hati za kuwapa wakazi haki ya kuendesha mambo yao wenyewe, pamoja na muhuri wa mji na fedha za umma. Ukipanda leo unakipita chumba hicho. Tazama milango ya nondo za chuma zilizofuliwa kwa mkono. Tazama na kasha la hati: lilikuwa na kufuli nyingi, na funguo zake zilishikwa na watu mbalimbali ili pasiwe na mmoja wa kulifungua peke yake. Huo ni utawala bora wa miaka mia kadhaa iliyopita, umewekwa mbele ya macho yako, na bado wengi hukipita chumba hicho mbio wakiwahi juu.

Kengele nazo zilikuwa na kazi ya utawala. La mgambo likilia kuna jambo, na mgambo wa Brugge ulilia kutoka juu ya mnara huu: kuwaita watu kazini na kuwaachia jioni, kufungua na kufunga malango ya mji, kutangaza moto au hatari. Kila mlio ulikuwa na maana yake, na wakazi waliijua. Sheria mpya zilisomwa kutoka kwenye roshani iliyo juu ya lango, umma ukiwa umekusanyika uwanjani.

Miji mingine ya eneo hilo ilijenga minara yake kwa sababu hizohizo. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza minara ya Ubelgiji kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2005 ikaongezwa ya kaskazini mwa Ufaransa. Sasa yote ni 56. Michache ni ya makanisa, lakini iliyo mingi ni ya miji.

“Kila jiwe ni la zama za kati”

Mwaka 1280 moto uliuteketeza mnara pamoja na kumbukumbu za mji zilizokuwa ndani yake. Ukajengwa tena. Sehemu ya juu yenye pembe nane iliongezwa kwenye miaka ya 1480, ikavikwa kilele cha mbao. Radi ikakipiga mwaka 1493, kikaungua. Kikawekwa kingine, nacho kikaungua mwaka 1741, na tangu hapo mji haukuweka kilele tena. Ukingo wa mawe unaoonekana leo juu kabisa ni wa mwaka 1822.

Hata uwanja wenyewe unahitaji jicho la makini. Lile jengo refu la kifahari la serikali ya jimbo, upande wa mashariki, ambalo wageni hulipiga picha wakidhani ni la kale, lilijengwa kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kwa kuiga mtindo wa kale. Sisemi haya ili kuushusha hadhi mji. Kwangu mimi mnara ulioungua mara tatu na watu wake wakaendelea kuutunza una heshima kuliko ambao haukuguswa na kitu.

“Mandhari bora iko kwenye mnara mrefu kuliko yote”

Mnara wa kengele una urefu wa mita 83. Mnara wa kanisa la Onze-Lieve-Vrouwe, wa matofali, unakaribia mita 115. Kwa hiyo mnara wa kengele si mrefu kuliko yote hata mjini mwake, na hiyo ndiyo faida yake: ukiwa juu yake, kanisa hilo linasimama mbele yako. Firenze kule Italia ni vivyo hivyo. Aliyepanda kuba la kanisa kuu halioni kuba hilo. Aliyepanda mnara wa kengele wa Giotto ulio kando yake analiona lote.

Kutoka juu ya Brugge utaona mapaa ya vigae vyekundu, mifereji inayouzunguka mji kwa umbo la yai, na vinu vya upepo kwenye tuta la mashariki. Siku isiyo na ukungu, kaskazini utaona winchi za bandari ya Zeebrugge. Watu hudhani mji huu ulikuwa ufukweni. Haukuwa; meli ziliufikia kupitia ghuba ya Zwin na mifereji, na Zwin ilipojaa mchanga biashara ikahamia Antwerpen. Umbali huo kati ya mnara na bahari ndio unaoeleza kwa nini mji uliokuwa tajiri hivyo uliishiwa, na kwa nini nyumba zake nyingi hazikubomolewa kupisha mpya.

Kuhusu picha: kanisa liko kusini-magharibi mwa mnara, kwa hiyo asubuhi jua linalimulika usoni, na alasiri utapiga picha ukilielekea jua. Uwanja wa Burg, penye ukumbi wa mji, uko mashariki, nao hupendeza alasiri. Tena, madirisha ya juu yana wavu wa waya. Sogeza lenzi hadi iguse wavu.

“Mwenye nguvu atafika tu”

Vidato ni 366 na hakuna lifti. Nguvu za miguu ni nusu ya habari. Kadiri unavyopanda ngazi inazunguka na kubana, wanaopanda na wanaoshuka wanatumia njia ileile, na kuna mahali unashika kamba badala ya ukuta. Anayeogopa sehemu finyu, hata awe mwanariadha, afikirie mara mbili. Mzee anayepumzika kwenye vyumba vya njiani anaweza kufika bila shida. Idadi ya watu wanaoruhusiwa ndani kwa wakati mmoja ina kikomo, hivyo nunua tiketi mapema.

Wengine huogopa kwa sababu mnara umeinama. Kweli umeinama, sentimita 87 kuelekea mashariki. Ule wa Pisa, ambao nao ni mnara wa kengele, umeinama karibu mita 4.

“Kengele zisikilize ukiwa juu”

Kuna kengele 47 zinazoitwa karilioni, na hazibembei. Zimefungwa imara, zikigongwa na nyundo. Robo saa ikitimia, pipa kubwa lenye maelfu ya matundu huzunguka, na meno yaliyopachikwa matunduni huvuta nyaya za nyundo. Siku za tamasha hukaa mpigaji mwenyewe, akigonga vijiti vya mbao kwa ngumi na kukanyaga pedali. Ukiwa karibu nazo utasikia kishindo kuliko wimbo. Sauti huungana ikiwa chini, hasa kwenye ua wa ndani wa majengo ya soko la zamani, na kusikiliza hapo ni bure.