Ukishikwa Mkono kwa Nguvu: Namna ya Kujinasua

Mtu anaposhikwa mkono kwa nguvu, jambo la kwanza analofanya ni kuuvuta, na hapo ndipo nguvu zake hupotea bure, kwani aliyemzidi misuli humvuta yeye mzima pamoja na mkono wenyewe. Ndiyo maana walimu wa judo, jujutsu na aikido, sanaa za mapigano za Kijapani, hawafundishi kuvutana, bali kutafuta mahali ambapo mshiko ni dhaifu, yaani penye pengo kati ya kidole gumba na ncha za vidole vingine.

Anayekukabili akikushika kifundo cha mkono wako wa kushoto kwa mkono wake wa kulia, kwa kawaida kidole gumba chake hukaa upande wa ndani, karibu na kifua chako. Geuza kigasha ili ubavu wake mwembamba uelekee kwenye pengo hilo, piga hatua ndogo kumsogelea, kisha kunja kiwiko na upeleke mkono kwenye bega lako la kulia. Hatua hiyo ya kumsogelea wengi huiruka kwa hofu, ilhali ndiyo inayokifanya kigasha kuwa wenzo. Akikushika mkono wa kulia kwa mkono wake wa kulia, pengo liko nje, na mkono hutokea huko. Akitumia mikono yote miwili kuushika mmoja wako, pitisha mkono ulio huru katikati ya mikono yake, kamata ngumi yako mwenyewe, uinyanyue kwa nguvu za miguu.

Kodokan, shule ya judo iliyoanzishwa na Kanō Jigorō mjini Tokyo mwaka 1882, ilitoa mwaka 1956 mfululizo wa mbinu 21 za kujihami, na ya kwanza kabisa inahusu kushikwa mikono yote miwili. Humo, kujinasua hufuatwa na pigo, kisha kukunjwa kwa kifundo cha mkono wa adui. Kwa maoni yangu, anayeanza aishie kwenye kujinasua, apige kelele na kukimbia, kwa sababu kuukamata tena mkono wa mtu uliyekwisha kumponyoka ni kumpa nafasi ya pili. Isitoshe, sheria ya Tanzania inaitambua haki ya kujilinda kwa nguvu ya kadiri tu.

Mshiko wa juu ya kiwiko hauondolewi kwa njia hizi, kwa kuwa hapo kigasha hakifanyi kazi ya wenzo. Mwili mzima hugeuzwa, nao mkono huzungushwa kwa duara kubwa juu ya mkono wa aliyekushika, zoezi linalohitaji mwalimu na mkeka.