Kwa nini kompyuta mpakato ya bei mbaya huchoka kabla ya ile ya mezani?

Mchana wa Februari Moshi, joto limejaa chumbani, nilimkuta rafiki yangu anayehariri video za harusi ameegemeza kompyuta mpakato yake juu ya vizibo vinne vya soda, kimoja kila pembe. Feni ilikuwa inalia kwa sauti nyembamba isiyokatika. Dakika chache za mwanzo kazi ya kutoa video ilikimbia vizuri, kisha ikaanza kutambaa.

"Kaka, nimepigwa?" akaniuliza. Mdogo wake yuko Arusha na kompyuta ya mezani. Kadi ya picha, yaani kifaa cha ndani kinachobeba kazi nzito ya video, jina moja, RTX 4090, lakini kazi ya aina ileile yeye anaimaliza mapema zaidi.

Hakupigwa, ila jina ndilo linalochanganya watu. RTX 4090 ya mezani ina viini (vijisehemu vinavyopiga hesabu) 16,384, memori ya GB 24, na inaweza kula hadi wati 450. Ile ya mpakato ina viini 9,728 na memori ya GB 16, na umeme wake hauzidi sana wati 150. Chipu yake ni ya familia iliyotumika kwenye RTX 4080 ya mezani. Naona wauzaji wangetutendea haki kama wangesema hivyo waziwazi dukani.

Kwa nini waipunguze hivyo? Joto. Karibu umeme wote unaoingia kwenye chipu hutoka kama joto. Wati 450 ni kama nusu ya pasi ya kawaida, na pasi hiyo inawaka ndani ya boksi saa nzima. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya mapezi makubwa ya chuma na feni pana zinazosukuma hewa bila haraka. Mpakato una unene wa vidole viwili tu. Chipu ikikaribia ukomo wake wa joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na hapo ndipo video inapoanza kutambaa. Vile vizibo vya soda vinasaidia kweli: mipakato mingi huvuta hewa kwa chini, na ikilala bapa mezani inavuta kwa shida.

Jambo hili lilionekana vizuri Novemba 2020, Apple walipotoa chipu ya M1. Waliiweka kwenye MacBook Air isiyo na feni kabisa, na kwenye Mac mini ya mezani yenye feni. Kwa kazi fupi huoni tofauti. Ukiwapa kazi ndefu mfululizo, Air inapunguza mwendo na Mac mini inaendelea.

Na Moshi yenyewe ina mchango wake. Ukomo wa chipu haubadiliki, lakini hewa inayoipoza inabadilika. Chumba chenye nyuzi 32 kinaipa chipu nafasi ndogo kwa nyuzi 14 kuliko chumba cha nyuzi 18, kama asubuhi ya Julai kule Arusha.

Hata hivyo simwambii mpiga picha wa safari anunue ya mezani. Kusafisha picha ni kazi ya kushtuka na kutulia. Chipu inapata muda wa kupoa. Akitoka Serengeti akilala Karatu, atafanya kazi kwa betri, na umeme ukikatika hapotezi kitu. Ila betri nayo ina mpaka. Mashirika ya ndege kwa kawaida huruhusu hadi saa-wati 100, yaani umeme wa wati 100 kwa saa moja, bila kibali maalumu, kwa hiyo watengenezaji wengi hawapiti hapo. Kadi ile ya wati 450 ingeimaliza betri ya namna hiyo kwa dakika 13 hivi. Ndiyo maana mipakato mingi yenye kadi kubwa hupunguza nguvu mara tu unapochomoa chaja. Ukienda dukani, uliza kadi imeruhusiwa wati ngapi, chomoa chaja, halafu ijaribu kwa kazi ya nusu saa.

Rafiki yangu hakuuza mashine yake. Anakata na kupanga video palepale Moshi, kazi nyepesi ambayo mpakato wake unaiweza bila kelele. Harusi ikiwa ndefu, diski inafungwa kwenye bahasha, inapanda basi la asubuhi kwenda kwa mdogo wake Arusha, na jioni inarudi na video iliyokamilika.