Udahili wa urithi: chuo kinapouliza baba yako alisoma wapi

Udahili wa urithi ni desturi ya chuo kumpa mwombaji nafuu kwa sababu mzazi wake, na pengine hata babu au bibi yake, alihitimu hapo. Hakuna mali inayorithiwa. Anachorithi kijana ni kutazamwa kwa jicho la upole pale ambapo mwenzake mwenye alama zilezile anakatwa. Mtaani tungesema anabebwa, na anabebwa hadharani, maana fomu ya maombi inauliza wazi wazazi walisoma wapi.

Desturi hii imeshika mizizi Marekani kuliko kwingine. Oxford na Cambridge, pamoja na ukongwe wao, haziufuati utaratibu huo. Marekani ilianza miaka ya 1920, wakati watoto wa wahamiaji Wayahudi walipokuwa wakifaulu kwa wingi mitihani ya kuingia vyuo vikubwa vya mashariki mwa nchi. Badala ya kuridhika na mtihani, vyuo vikaanza kupima "tabia" na asili ya familia, na mtoto wa mhitimu akapewa kipaumbele. Asili hiyo inapaswa kukumbukwa kila mtu anaposema kwamba huu ni utamaduni usio na madhara.

Ukubwa wa nafuu yenyewe ulionekana kwenye kesi iliyofunguliwa dhidi ya Chuo Kikuu cha Harvard kuhusu udahili wake. Kwa madarasa yaliyopangwa kuhitimu kati ya 2014 na 2019, takribani theluthi moja ya watoto wa wahitimu walioomba walikubaliwa, huku kwa wengine ikiwa karibu asilimia 6. Pengo lote hilo si upendeleo, kwa sababu watoto hao mara nyingi wametoka shule nzuri na wamefundishwa vizuri. Hata hivyo, utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake uliotoka 2023 ulilinganisha waombaji wenye alama sawa za mtihani. Walikuta kwamba mtoto wa asilimia 1 ya familia tajiri zaidi ana nafasi zaidi ya mara mbili ya mtoto wa familia ya kipato cha kati kuingia vyuo vinavyogombewa zaidi, na upendeleo kwa watoto wa wahitimu ulikuwa sababu kubwa kuliko nyingine.

Mwaka huohuo, tarehe 29 Juni, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji. Swali likaja lenyewe: kama rangi hairuhusiwi, cheti cha baba kinabakije? Seneta Tim Kaine wa Democratic na Todd Young wa Republican walipeleka mswada wa kukipiga marufuku, lakini Bunge lile lilimaliza muda wake bila kuupitisha. Majimbo yalikwenda mbele. Colorado ilitangulia 2021 kwa vyuo vya umma, na 2024 zikafuata Virginia, Illinois, Maryland na California.

Wapinzani wa sheria hizi wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni kwamba chuo binafsi kina haki ya kujichagulia wanafunzi. Hiyo naiheshimu, ingawa chuo kinachopokea fedha za serikali hakiwezi kudai ubinafsi mtupu. Ya pili ni michango ya wahitimu: mlango ukifungwa, pochi nazo zitafungwa. Hapo Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kinatufundisha kitu. Kiliacha desturi hii 2014 kimyakimya. Kati ya 2009 na 2019 watoto wa wahitimu walishuka kutoka asilimia 12.5 ya wanafunzi wapya hadi 3.5, na wanaostahili ruzuku ya serikali kuu kwa kipato kidogo wakapanda kutoka 9 hadi 19.1. Ni kweli kwamba zawadi ya dola bilioni 1.8 ya bilionea Michael Bloomberg, mhitimu wa chuo hicho, mwaka 2018, kwa ajili ya misaada ya wanafunzi, ilichangia. Lakini chuo hakikufilisika.

Ugumu uliobaki ni adhabu. Sheria ya California, iliyosainiwa na Gavana Gavin Newsom tarehe 30 Septemba 2024, inagusa hata vyuo binafsi vinavyonufaika na fedha za jimbo za kuwasaidia wanafunzi, ila haina faini: chuo kinachokiuka kinatajwa jina hadharani. Stanford, chuo binafsi cha jimbo hilo, ikachagua njia yake. Mwaka 2025 iliamua kuacha fedha za jimbo za kuwasaidia wanafunzi, ikaahidi kuzifidia kutoka mfukoni mwake, na kuendelea kuwazingatia watoto wa wahitimu wake.