Kijana mwenye kisukari anapoitwa "teja" shuleni: maswali na majibu

Maswali haya tunaulizwa na wazazi na walimu wanaowaleta vijana kliniki hapa Moshi, hasa shule zinapofungwa na watoto wa bweni wakarudi nyumbani wamekonda.

Kisukari cha aina ya kwanza ni nini?

Ni hali ambayo kongosho limeacha kutengeneza insulini, hivyo sukari hubaki kwenye damu badala ya kutumika mwilini. Hakiambukizwi, wala hakiletwi na pipi au kurogwa. Kijana huyu huhitaji sindano za insulini kila siku, maisha yake yote.

Uonevu wa wenzake unahusianaje na tiba?

Unahusiana moja kwa moja. Wenzake wakimwona akijichoma sindano tumboni humwita "teja", akiomba ruhusa ya kwenda chooni mara kwa mara huitwa "kikojozi", na wapo wanaohama dawati wakidhani wataambukizwa. Kijana wa miaka 14 huvumilia mengi, lakini si kuchekwa mbele ya darasa. Kwa hiyo huanza kujichomea chooni kwa haraka bila kupima, kisha huruka sindano ya mchana, na mwishowe kichupa hubaki kimefungiwa ndani ya tranka. Daftari lake la vipimo huja limejaa namba nzuri, 6 na 7 mwezi mzima, zote kwa wino mmoja na mwandiko wa siku moja, ilhali kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita kinasema mengine kabisa. Mzazi huanza kufoka kuhusu uongo. Tunamwomba aulize kwanza ni nani wanaomcheka mtoto wake.

Si ni utani wa watoto tu?

Utani tunaujua. Mchagga na Mpare hutaniana hata msibani, na kila mmoja ana zamu yake ya kujibu. Darasa zima kumwandama mtoto mmoja kwa sababu ya dawa inayomweka hai si utani, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa hali yake ya afya. Shule ikipuuza, piga namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo ni bure.

Akiruka sindano siku moja moja kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Asiruke. Mwili uliokosa insulini huunguza mafuta, damu ikajaa tindikali ziitwazo ketoni, na hali hiyo huweza kuhatarisha maisha ndani ya saa 24. Kijana huwa na kiu kali, hukojoa sana, hutapika, hulalamika tumbo, hupumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva mno. Tunachokiona mara kwa mara ni mtoto wa namna hii kupewa dawa ya malaria na maji ya mwarobaini, akasubirishwa hadi Jumatatu. Asisubirishwe. Kijana mwenye kisukari anayetapika apimwe sukari saa ileile na akimbizwe hospitali usiku huohuo, iwe Mawenzi, KCMC au kituo kilicho karibu zaidi.

Lakini hali chakula, tusimamishe insulini?

Hapana. Dozi hurekebishwa kwa ushauri wa kliniki, lakini insulini haikatwi kabisa. Na kwa wanaouliza kuhusu maombi: aombewe, na sindano achome.

Mwalimu afanye nini?

Ampe ruhusa ya maji na choo bila maswali, na mahali safi pa kujichomea, ambapo si chooni. Kijana akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuongea ovyo, sukari imeshuka. Huo si utovu wa nidhamu, na fimbo haina kazi hapo. Apewe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui, asipewe kitu chochote mdomoni, apelekwe hospitali. Darasa lielezwe kuhusu ugonjwa huu pale tu mwenyewe anaporidhia.

Nitajuaje kama ameanza kuruka sindano?

Acha daftari, tazama kichupa. Kichupa cha kawaida cha mililita 10 kina uniti 1,000, kwa hiyo anayetumia uniti 40 kwa siku hukimaliza kwa siku 25. Kikirudi kutoka bwenini baada ya mwezi kikiwa nusu, sindano zimerukwa. Mlete kliniki kesho yake asubuhi. Na ikiwa anatapika, usingoje asubuhi.